Sukari 5.3 nikiwa na njaa: mmoja asema sina kitu, mwengine asema nina sukari ya mimba

BintiLangoni (Lamu)
Assalam alaykum wenzangu. Nina mimba ya wiki 26, ya pili hii, wa kwanza alizaliwa na kilo 4.2 mashallah. Kliniki kila nikienda napimwa mkojo na kila mara naambiwa hakuna sukari, nikawa sina wasiwasi kabisa. Sasa juzi, kwa vile mamangu ana kisukari cha miaka, wakaniambia nije asubuhi bila kula, nikapimwa ikatoka 5.3. Nesi akasema iko sawa tu manake sukari ni kuanzia 7. Kuingia kwa dakta, karatasi ni ileile, akasema hapana, mjamzito akifika 5.1 hiyo ni sukari ya mimba, niache mahamri niache tende kisha nirudi. Mamkwe naye keshaanza ati madakta wanatisha watu, mwenye mimba anakula chake na cha mtoto, na kila asubuhi naandaliwa mahamri ya kutosha, mbaazi, na chai ya maziwa sukari imekolea mpaka kijiko kinasimama. Nisikize nani? Na mbona mkojo ulikuwa safi? Na kile kipimo cha kunywa glukosi nikafanye ama hii yatosha?

UmmuWatamu
Waalaykum salam, pole dadangu. Mie nlikuwa hivohivo mimba ya mwisho, nikapimwa Malindi ile ya kunywa. Ukifika watoa damu ya mkononi kwanza, wapewa gilasi ya maji ya glukosi uimalize upesi, kisha wakaa. Hakuna kutembeatembea wala kula chochote, baada ya saa moja damu tena, saa mbili damu tena. Utamu wake si mchezo, alokuwa kando yangu alitapika ikabidi arudi siku nyengine aanze upya. Ya njaa mie ilikuwa 4.7, yaani safi kabisa, lakini ya saa moja ikaruka 10.6 na ya saa mbili ikarudi 8.1. Nikadhani nimepita mbili nimefeli moja basi ni sawa, kumbe moja tu ikizidi yatosha. Ndo nakwambia kipimo cha njaa pekee kisikutulize, mie kingenipita hivihivi.

MkungaBarani
Salaam bibie. Nimefanya kazi wodi ya wazazi muda mrefu, hebu nijaribu.

Kwanza hao wawili wamekuchanganya kwa sababu kila mmoja ana nambari yake. 7 ni ya mtu asokuwa na mimba. Mjamzito akifika 7 na njaa, ama 11.1 saa mbili baada ya glukosi, huyo twasema ana kisukari chenyewe, na mara nyingi alikuwa nacho kabla ya mimba ila hakikujulikana. Sukari ya mimba yaanza chini ya hapo. Kuna utafiti mkubwa ulotoka 2008, walifuatwa wanawake zaidi ya 23,000 katika nchi tisa, wakaona kadiri sukari ya mama ikipanda ndivo mtoto mkubwa kupita kiasi anavoongezeka, na hata mtoto kushuka sukari akizaliwa, tena yapanda polepole, hakuna pahali useme hapa ndo hatari yaanzia. Kwa hivo wataalamu walikaa wakachagua wapi wapige mstari. Shirika la afya duniani, WHO, 2013 wakakubali 5.1 ukiwa na njaa, 10.0 saa moja, 8.5 saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, na kama alivosema UmmuWatamu moja yatosha. Uingereza wao wameweka 5.6 ya njaa na 7.8 ya saa mbili, kwa hivo hiyo 5.3 yako ungekuwa London ungeambiwa huna kitu. Dakta wako hakukosea nambari, amefuata WHO.

Mkojo usitegemee. Figo kwa kawaida hazimwagi sukari mpaka ya kwenye damu ipande hadi kama 10, sasa wewe wa 5.3 itaonekana vipi? Tena mimba yenyewe hulegeza figo, kuna wanaoonyesha sukari kwenye mkojo na damu yao haina neno. Kwa jambo hili kile kijiti cha mkojo chadanganya pande zote mbili.

Sasa swali langu kwako: hiyo 5.3 ilikuwa ya kidole ama ya sindano ikapelekwa maabara?

NahodhaWaPate
Mke wangu alishikwa na hii kitu, tukamchemshia uwatu asubuhi na jioni ikashuka. Sindano hatukufika huko. Jaribuni dawa za kwetu kabla ya kukimbilia hospitali

MkungaBarani
Nahodha mke wako huenda alipunguza na wali pia, uwatu ukapata sifa 😄 Hata sie hatuanzi na sindano, twaanza na chakula na kutembea, na wengi huishia hapo, wasoshuka ndo hupewa vidonge vya metformini au sindano ya insulini. Lakini huwezi kujua umeshusha kama hupimi. Sukari ya mtu huwezi kuiona kwa macho. Na mwenye mimba asianze uwatu wa kiasi cha dawa bila kumwambia anayemhudumia.

BintiLangoni (Lamu)
Ahsanteni sana. Ilikuwa ya kidole, kile kimashine kidogo.

MkungaBarani
Ndo nlivodhani. Basi kafanye ya glukosi, tena kwa damu ya mshipa. Kimashine cha kidole ni kizuri cha kufuatilia nyumbani lakini kwenye nambari ndogo kama hiyo kinaruhusiwa kupishana na maabara kwa kama 0.8, kwa hivo 5.3 yako yaweza kuwa 4.5 na yaweza kuwa 6.1. Huwezi kumbandika mtu jina la ugonjwa kwa hiyo, na huwezi kumwambia aende zake. Na wiki zako ndo zenyewe, 24 mpaka 28, kondo la nyuma limeshakuwa na homoni zake zinazuia insulini kufanya kazi. Wewe una mtoto wa kilo 4.2 na mama mwenye kisukari, ungestahili kupimwa hata ile mara ya kwanza ulipoingia kliniki.

Siku tatu kabla ya kipimo kula kawaida, usijibane, ukijibana majibu hupotoka. Usiku usile kwa masaa 8 hadi 14, maji ruksa.

UmmuWatamu
Na mamkwe usigombane nae. Mwambie kula kwa ajili ya mtoto ni sawa ila mtoto hataki sukari ya ziada, yeye huigeuza mafuta akakushinda kuzaa. Mie mahamri nlibakisha moja, mbaazi nikala kwa wingi, chai bila sukari. Ile wiki ya kwanza nlichukia dunia. Samaki wa kupaka hana tatizo, tatizo ni ule mlima wa wali chini yake. Na baada ya kula nlikuwa natembea mpaka ufuoni na kurudi.

MkungaBarani
Na ikitoka kwamba unayo, ukishajifungua usisahau kurudi kupimwa tena wiki 6 mpaka 12. Hapa ndipo wengi hutupotea, mtoto kazaliwa salama basi. Sukari ya mimba kwa kawaida huondoka, lakini alowahi kuipata yuko karibu zaidi na kisukari cha ukubwani, kwa hivo kila mwaka mmoja hadi mitatu apimwe.

BintiLangoni (Lamu)
Nimeelewa. Naenda Jumatano inshallah. Lakini kipimo nimeambiwa ni ng'ambo Mokowe, na boti asubuhi na tumbo tupu mie hutapika hata bila glukosi 😩

MkungaBarani
Ukitapika kabla ya kunywa glukosi haidhuru, pumzika ufukweni, ukitulia ndo uanze. Ukitapika baada ya kuinywa waambie hapohapo, usinyamaze ukasubiri damu, majibu hayatakuwa na maana. Lala kwa jamaa wa Mokowe usiku kama unao.

BintiLangoni (Lamu)
Shangazi yuko huko. Nampigia sasa hivi kabla mamkwe hajarudi sokoni.