Mama abadilishwe magoti yote mawili kwa siku moja, au moja baada ya lingine?

Mwana wa Nguba: Ndugu zangu wa Bukavu, naomba ushauri. Mama yangu ana miaka 69, magoti yake yote mawili yamelika, na daktari wa Kigali amesema vidonge na sindano vimefika mwisho, sasa ni magoti ya bandia. Ngazi za kwetu huzishuka kinyumenyume, akishika ukuta kwa mikono miwili. Mimi naona afanyiwe yote kwa pamoja: usingizi mmoja, safari moja, mazoezi mara moja.

Papa Ibanda: Kijana, uzito je? Mke wangu aliacha bugali wa usiku, akawa anatembea kando ya ziwa kila asubuhi, na leo hajui hospitali. Ninyi mnakimbilia kisu.

Muuguzi Mstaafu: Mwanangu, kufanya yote kwa pamoja kunawezekana, lakini damu hupotea zaidi, uwezekano wa kuongezewa damu ni mkubwa, na moyo na mapafu hubeba mzigo mzito, ndiyo maana huchaguliwa wenye afya nzuri. Wakitenganisha, mara nyingi hungoja miezi kadhaa ili mguu wa kwanza upate nguvu ya kumbeba. Hujatuambia habari za moyo, wala sukari. Amewahi kuvimba mguu kwa damu kuganda?

Mwana wa Nguba: Sukari hana, moyo ni mzima. Mwaka jana mguu wa kushoto ulivimba, wakasema ni donge la damu, akanywa dawa akapona. Sioni linahusiana vipi na magoti. Tena nimekwisha kulipa arubuni ya magoti mawili, na dada zangu walioko Ubelgiji walichanga kwa hesabu hiyo.

Muuguzi Mstaafu: Linahusiana sana. Upasuaji wa goti wenyewe huifanya damu iwe tayari kuganda, na donge likitoka mguuni likafika mapafuni, linaweza kuua.

Mjukuu wa Kadutu: Na akitoka na magoti yote mapya, ataegemea mguu gani? Ule wa Ubelgiji?

Binti Ruzizi: Mnisamehe, mimi nina shaka. Mwanzo yalikuwa magoti tu, likaja donge, sasa arubuni na michango. Kesho tutapewa namba ya kutuma pesa. Mwenye mgonjwa wa kweli angetueleza picha ya mionzi ilionyesha nini.

Mwana wa Nguba: Sijaomba hata dola moja, dada. Picha inaonyesha upande wa ndani hauna nafasi tena, mfupa umekalia mfupa, na miguu imepinda kwa nje hata viatu vyake vinalika ukingo wa nje peke yake.

Binti Ruzizi: Basi nimeyarudisha maneno yangu, maana viatu vya mama yangu vilikuwa hivyo hivyo. Yeye alibadilishwa goti moja, na wakati wa kurudi tulisimamisha gari mara nyingi kule Nyungwe ili anyooshe mguu. La pili amelikataa mpaka leo. Anasema moja linamfikisha misani.

Muuguzi Mstaafu: Mwana wa Nguba, daktari wa upasuaji anajua habari za donge?

Mwana wa Nguba: Hakuuliza, nami sikusema, nikihofia wataahirisha. Nitampigia Jumatatu. Lakini wakikubali goti moja, mnadhani arubuni iliyobaki wataihesabia goti la pili, au nidai irudishwe?