Naomba ushauri: nimepitisha miezi 24 ya cheti cha kurusha droni
Wakuu, naombeni ushauri. Niko Houston, Marekani, napiga picha za harusi kwa droni. Cheti changu cha FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani), kile cha Part 107, yaani cha kurusha droni kibiashara, nilikipata kwa mtihani wa maswali 60, na dola 175 zikanitoka. Sasa miezi 24 imepita sijafanya mafunzo ya marejeo. Nilijisahau kabisa, maana kadi yenyewe haina tarehe ya kuisha! Jamaa mmoja ananiambia lazima nirudi kwenye chumba cha mtihani. Ninavyojua mimi, tangu 2021 kozi ya marejeo iko mtandaoni na ni bure. Kuna aliyechelewa kama mimi akaifanya ikakubali? Jumamosi nina harusi, tena ya usiku, na advansi ya watu nimeshaila.