Barua ya maandamano kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi): ni taarifa au ni ombi?

mlipakodi_mtulivu: Wakuu, tunataka kuandamana kupinga ushuru wa nyumba na makato ya SHIF (bima ya afya). Kila mara husemwa maandamano "hayana kibali". Kwani Kenya sheria inadai kibali? Barua inaandikwaje?

kifungu37: Kibali hakuna. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuandamana, mradi iwe kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma, kifungu cha 5, inataka taarifa tu, imfikie OCS wa eneo kati ya siku 3 na 14 kabla. Taja jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa (kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni), mahali na njia mtakayopita. Beba nakala mbili, yako ipigwe muhuri wenye tarehe. Wengi hujikwaa wanapoandika "tunaomba ruhusa"; aliyeomba hunyimwa. Andika "tunakujulisha". OCS anaweza kuwaambia haiwezekani iwapo kuna mkutano mwingine uliotangulia kujulishwa kwa siku, saa na mahali palepale.

hesabu_ya_juni: Angalieni kalenda pia. Mswada wa Fedha, unaobadilisha kodi kila mwaka, hufika Bungeni kufikia Aprili 30 na hupitishwa kabla ya Juni kwisha. Mwaka 2023 Rais Ruto alitia sahihi Juni 26, na maandamano makubwa ya Julai yakakuta VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta imeshapanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Mwaka 2024 watu walitoka Juni. Wabunge walipitisha mswada Juni 25 kwa kura 195 dhidi ya 106, na kesho yake Rais akakataa kuusaini.

makato_tu: Sawa, lakini makato anayoyataja muulizaji hayamo katika mswada huo! Ushuru wa nyumba (asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri 1.5) una sheria yake ya Machi 2024, iliyotungwa baada ya Mahakama Kuu kuuharamisha Novemba 2023. SHIF, asilimia 2.75, imetokana na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023. Ndiyo maana mswada wa 2024 ulianguka na SHIF ikaanza Oktoba vilevile: mwenye mshahara wa 100,000 akatoka 1,700 za NHIF, bima ya awali, hadi 2,750. Bango la "kataa Mswada wa Fedha" haliyagusi. Andamaneni na ombi mkononi, chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba (haki ya kupeleka ombi Bungeni), mkitaja sheria hizo mbili kwa majina.

mlipakodi_mtulivu: Basi hata mabango yaandikwe upya.