Nimejaribu programu tatu za kutengenezea kozi za mtandaoni, nishaurini kabla sijalipia

mkufunzi_moro
Habari za jioni wakuu. Nafundisha chuo cha uuguzi hapa Morogoro, mkuu wa idara kanipa kazi ya kuweka somo la kuzuia maambukizi mtandaoni ili wanafunzi walisome wakiwa field huko wilayani. Wengi wana simu za Android za bei ndogo na bando la kuungaunga, wenye laptopu wanahesabika. Chuo kina Moodle tayari, ule mfumo wa kuwekea masomo mtandaoni, kwa hiyo pa kuiweka kozi papo, ninachotafuta ni cha kuitengenezea.

Nilianza na Storyline ya Articulate maana wanakupa siku 30 za kujaribu bure, na jamani ni nzuri mno, unaweka mgonjwa kitandani mwanafunzi anagusa glavu, anagusa sinki, kila akigusa kinatokea kitu. Shida bei, unalipia mwaka mzima na inapita dola 1,000 kwa mtu mmoja, halafu inataka Windows na laptopu yangu ya RAM 4GB ilikuwa inahema. Nikahamia iSpring, hii inakaa ndani ya PowerPoint, slaidi zangu za miaka yote nilizigeuza kozi kwa mchana mmoja, ila nayo ni ya kulipia. Mwisho H5P ya bure, nikaitumia kupitia Lumi ambayo unaiweka kwenye laptopu na unafanya kazi bila intaneti. Kwa macho haifikii Storyline lakini ile video yenye maswali imenikaa moyoni, video inasimama yenyewe, swali linatokea, akikosa unamrudisha palepale pa kusikiliza upya.

Moyo uko Storyline, mfuko uko H5P. Waliotumia naombeni uzoefu.

nyota_ya_ziwa
Mwalimu hapo kwa pesa angalia vizuri sana. Mimi niko Kisumu, nilitengenezea shirika fulani kozi 11 kwa jukwaa la kulipia, kila kitu unakitengeneza hukohuko kwao na kinakaa hukohuko. Mradi ukaisha, pesa ya mwaka wa pili haikutoka, akaunti ikafungwa na kozi zote zikaenda nayo. Kazi ya miezi 8. Siku hizi kabla hata sijaangalia urembo nauliza, nikiacha kulipa leo natoka na nini mkononi? Storyline angalau kozi ukishaitoa ni yako, itaendelea kufanya kazi ndani ya Moodle, lakini siku mwongozo wa wizara umebadilika na unataka kurekebisha slaidi moja bila kulipia hufungui. H5P faili ni lako, ndani ni zip tu, picha na maandishi yote yamo.

kijana_wa_slaidi
Mi bado niko na iSpring. Wakufunzi wenzake wote wanajua PowerPoint, hiyo H5P atabaki anatengeneza peke yake, akihama chuo somo linakufa.

fundi_seva
@kijana_wa_slaidi hoja yako ina uzito ila H5P imo ndani ya Moodle yenyewe, kuanzia toleo la 3.9 la mwaka 2020 kuna benki ya maudhui, mkufunzi yeyote mwenye ruhusa anaingia na brauza anarekebisha, hahitaji Lumi wala programu nyingine.

@mkufunzi_moro ukichagua hizo za kulipia, wakati wa kutoa kozi chagua SCORM 1.2 (SCORM ni namna ya kufunga kozi ili Moodle iisome na kupokea alama), usichukue SCORM 2004 eti kwa sababu ni mpya, Moodle haiungi mkono 2004 rasmi. Na hiyo 1.2 sehemu inayokumbuka mwanafunzi kaishia wapi ina kikomo cha herufi 4,096, kozi ikiwa ndefu sana inajaa, mtu anarudi kesho anaambiwa aanze mwanzo. Igawe vipande vifupi. Ukituma kozi ya Lumi kama faili la HTML, lile linalofunguka kwenye brauza, kwa WhatsApp watasoma lakini alama hazitakufikia, kwa hiyo pitisha kwenye Moodle.

Ila usilipe chochote kabla hujaazima simu ya mwanafunzi, sio yako. Weka aplikesheni ya Moodle, shusha somo, zima data, halafu mpe mwenyewe afanye wewe ukae kimya umwangalie.

bint_pwani
Kwenye H5P usisahau vitufe. Vinakuja Kiingereza lakini kila zoezi lina sehemu chini ya kubadilisha maneno, mimi nimeandika "Angalia jibu" na "Jaribu tena". Wanafunzi wangu waliona tofauti siku hiyohiyo.

mkufunzi_moro
Nimerudi wakuu. Jumamosi nimeazima simu tatu nikafanya kama @fundi_seva alivyosema. Storyline ikanivunja moyo, slaidi nzima inajibana kwenye kioo kidogo, binti mmoja alikuwa anasogeza simu mpaka puani asome majina ya vifaa, na kwenye laptopu yangu ilikuwa inapendeza vilee. H5P maandishi yalisomeka vizuri kwenye zote tatu. Zoezi la kuburuta tu ndio lilisumbua, vidole vinafunika picha, nimelitoa nikaweka maswali ya kuchagua juu ya zile nyakati tano za WHO za kunawa mikono.

Kosa langu, video niliiunganisha kutoka YouTube, data ilipozimwa ikabaki nyeusi. Nikapakia faili lenyewe, lilikuwa MB 48, nikalishusha ubora likawa MB 14 na mikono bado inaonekana vizuri. Majibu waliyofanya bila mtandao yalipanda Moodle tulipowasha data.

Kwa hiyo ni H5P. Jumatano nakaa na wakufunzi wenzangu wawili kwenye hiyo benki ya maudhui, kila mmoja atatengeneza zoezi moja kwa mkono wake. @bint_pwani naomba orodha yako yote ya maneno ya vitufe kama unayo.

bint_pwani
Ninayo, nakutumia inbox usiku huu.