Mrejesho: ile laptop ya RAM 2GB

Wakuu, wiki tatu zilizopita niliuliza niweke mfumo gani kwenye laptop yangu ya zamani, RAM 2GB na diski ya kuzunguka. Windows 10 ilikuwa inawaka chai ikiwa imeshapoa. Wengi mlisema Lubuntu, mmoja akang'ang'ania antiX (zote mbili ni Linux nyepesi, za kuweka badala ya Windows).

Lubuntu niliijaribu kwanza kwa flashi, kisha nikaiweka. Nzuri, ila nikifungua Firefox na kurasa tatu, taa ya diski haizimi, yaani inahangaika muda wote. Nikahamia antiX. Ikishawaka, kabla sijafungua chochote, inakula RAM kama MB 200 tu! Sura yake ya kizamani kweli, mke wangu kaniuliza kama nimerudi chuo. Wi-Fi iligoma siku nzima; nikachomeka simu kwa waya wa USB, nikavuta intaneti, nikashusha draiva (programu ya kuendesha kifaa cha Wi-Fi), ikakubali. LibreOffice inafunguka bila shida. YouTube mwisho 360p, ukipandisha inakwama.

SSD (diski ya kasi isiyozunguka) mliyonishauri bado, hela haijakaa sawa. Na yule aliyesema nihamishe picha kwanza, asante sana ndugu, maana nilifuta diski nzima kwa bahati mbaya.