Naomba ushauri: Faili za malipo zimetoweka kwenye Git

MgeniKijitonyama: Wanajukwaa, habari za jioni. Ninatengeneza mfumo wa mauzo wa duka moja la jumla lililopo Kariakoo, na msimbo wake tunautunza GitHub, tovuti ya kuhifadhia kazi za Git (programu inayotunza kila toleo la msimbo). Tangu mchana sehemu yote ya malipo kwa simu haionekani kwenye tawi kuu (toleo kuu la msimbo wetu), ilhali jana ilikuwepo. Naombeni amri ya kurudisha faili zilizopotea, kwa kuwa kesho asubuhi natakiwa kuuonesha mfumo kwa mwenye duka.

FundiSinza: Pole, mkuu. Andika `git reflog`, nayo itakuonesha kila komiti, yaani kila hatua ya kazi iliyohifadhiwa, ambayo tawi lako limepitia. Kwa kawaida kumbukumbu hizo hukaa siku 90, au siku 30 kwa komiti zisizofikika tena kutoka kwenye tawi.

BabuDisketi: Sisi tulianza kazi hii kabla Linus Torvalds hajaileta Git mwaka 2005. Tulikuwa na folda iitwayo "mwisho", nyingine "mwisho_kabisa", na ya tatu "mwisho_usiguse", na hiyo ya tatu ndiyo kila mtu aliyoigusa.

MgeniKijitonyama: Nimeangalia, faili za malipo hazimo kabisa. Huenda GitHub ina hitilafu.

DadaSeva: Reflog huandika yaliyotokea kwenye kompyuta yako tu, hivyo kama hazimo, hazikuwahi kufika kwako. Nani aliyeiandika sehemu hiyo? Na uliposukuma kazi yako mchana, yaani ulipoipeleka GitHub, Git haikukukatalia kwanza?

MgeniKijitonyama: Ilikataa, nikaongeza `--force` ili ilazimike kupokea, kama nilivyoona kwenye video. Sehemu ya malipo aliiandika kaka mmoja ninayeshirikiana naye, ambaye yuko safarini Tanga. Mteja alikuwa akisubiri bei zibadilike, kwa hiyo sikuwa na njia nyingine. Sioni haja ya kumsumbua, kwani nimeshaanza kuiandika upya na akirudi ataikuta inafanya kazi.

MzeeWaUbungo: Umetanua pembeni ya foleni kama daladala, kisha unauliza waliokuwa mbele wameenda wapi.

MwalimuMstaafu: Vijana mnanakili amri msizozielewa. Kijana, hapo unamkosea mwenzako, na Git haihusiki.

Mdadisi: Mimi ninasita kuamini kisa hiki. Akaunti imefunguliwa leo, mteja ni kesho, mwenzake yuko safarini. Kimekaa kama swali la usaili wa kazi. Atuwekee majibu aliyopewa na Git aliposukuma.

MgeniKijitonyama: Sijatunga chochote. Mstari wenyewe ni huu: `+ 4be91c7...a20d5f3 main -> main`.

DadaSeva: Hapo umetupa tulichokuwa tunakitafuta. Namba za kushoto ni komiti iliyokuwa ya mwisho kabla hujaifunika, na GitHub haifuti papo hapo komiti iliyoachwa bila tawi. Fungua hifadhi yenu ya msimbo huko GitHub kwenye kivinjari, ongeza `/commit/4be91c7` mwishoni mwa anwani, kisha nakili namba kamili yenye tarakimu na herufi 40. Andika `git fetch origin` ikifuatiwa na namba hiyo, halafu `git branch malipo FETCH_HEAD`. Ikigoma, kompyuta ya huyo kaka ina nakala nzima. Siku nyingine tumia `--force-with-lease`, ambayo hukataa iwapo mwenzako amesukuma kitu ambacho wewe hujakivuta.

MgeniKijitonyama: Ukurasa umefunguka na faili zote zipo. Nitaliunganisha tawi hilo na kazi yangu usiku huu. Kwa kuwa hakuna kilichopotea, kumpigia simu naona si lazima.

FundiSinza: Ukiunganisha vizuri, Git yake haitamwonesha lolote, hilo ni kweli. Lakini ukurasa wa shughuli za hifadhi huko GitHub huorodhesha kila kusukuma kwa nguvu, pamoja na jina la aliyefanya hivyo. Afadhali aisikie kwako.

Mdadisi: Basi nimeamini. Mtunzi wa kisa angekuwa ameshampigia.

MgeniKijitonyama: Nitampigia kesho, nikishamwonesha mteja.