Kujiandaa na SQE, mtihani wa kufuzu kuwa solisita Uingereza, kwa tuliosomea sheria nyumbani

Kutoka kwa mwanajumuiya wa Reading

Ndugu wanajumuiya, habari za majukumu.

Nina shahada ya sheria ya miaka minne kutoka Dar es Salaam, lakini sikuwahi kupita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, inayowaandaa wahitimu kuwa mawakili, kwa kuwa nilisafiri kumfuata mwenzangu huku mara tu baada ya mahafali. Mtakumbuka kwamba mwaka 2022 taasisi hiyo ilizua mjadala mkubwa baada ya kutangazwa kuwa wanafunzi 26 tu kati ya 633 ndio waliofaulu moja kwa moja, na nakiri kwamba habari ile ilinipunguzia hamu ya kurudi. Sasa nina miaka mitatu Uingereza, nafanya kazi ya ghala, na nimeamua kujaribu kuwa solisita, yaani wakili wa hapa.

Naomba kuelekezwa mambo mawili. Je, ni lazima nisome kwanza stashahada ya kubadilisha fani au shahada ya uzamili kabla ya kuruhusiwa kufanya SQE? Na je, mtu aliyesoma sheria nyumbani, ambako nasi tunafuata mfumo wa Kiingereza, anahitaji muda gani wa kujiandaa? Rafiki yangu ameniambia miezi mitatu inatosha kwa kuwa mengi tunayajua tayari.

Natanguliza shukrani.


Kutoka kwa mwanajumuiya wa Leicester

Wakili msomi, pokea salamu zangu.

Swali la kwanza halina maelezo mengi. Tangu SQE ianze mwaka 2021, Mamlaka ya Kusimamia Masolisita, yaani SRA, haimtaki mtu asome kozi yoyote maalumu kabla ya mtihani. Inataka shahada ya fani yoyote au sifa inayolingana nayo, kufaulu sehemu mbili za mtihani, yaani SQE1 ya kupima maarifa na SQE2 ya kupima stadi za kazi, miaka miwili ya uzoefu wa kazi ya kisheria, na mwenendo mwema. Anayekuambia kwamba bila stashahada yake hutaruhusiwa kuingia chumba cha mtihani anauza bidhaa. Nimekutana na mmoja wa aina hiyo, nikalipa, na madesa aliyonipa yalikuwa ya mfumo uliotangulia SQE.

Swali la pili ndilo lililonifanya niandike usiku huu badala ya kulala kabla ya zamu, kwa sababu ushauri wa rafiki yako ndio ulionifelisha mimi. SQE1 ina karatasi mbili, kila moja ikiwa na maswali 180 ya kuchagua jibu moja lililo bora kati ya matano, na huruhusiwi kuingia na kitabu. Nilifaulu ya kwanza na kuanguka ya pili. Nilipotazama mgawanyo wa matokeo yangu, niliona kwamba masomo niliyokuwa sijawahi kuyasikia kabisa, kama vile hesabu za fedha za wateja, nilikuwa nimeyapata vizuri. Niliangushwa na yale niliyodhani nayajua.

Nieleze kwa nini. Sheria ya Kiingereza iliingizwa Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na kila mmoja wetu aliikariri tarehe hiyo mwaka wa kwanza. Tatizo ni kwamba sheria ya ardhi ambayo SQE inaipima imejengwa juu ya Sheria ya Mali ya mwaka 1925, na juu yake ikawekwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2002. Zote mbili zilitungwa baada ya mlango wetu kufungwa. Isitoshe, sisi tulifuta umiliki huru wa ardhi mwaka 1963, na tukalelewa tukijua kwamba ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na mwananchi ana haki ya kuitumia tu. Mwingereza anaanzia mahali pengine kabisa. Nilipoulizwa kuhusu mtu anayeishi katika nyumba iliyosajiliwa kwa jina la mwenzake, na kama haki yake inamfunga benki iliyokuja baadaye na rehani, nilijibu kwa mantiki ya nyumbani na nikaridhika nayo. Mtahini anajua mtu wa namna yangu atajibu nini, na jibu hilo lilikuwa limewekwa pale pale kati ya yale matano.

Mkataba nao una mtego wake. Sheria yetu ya Mikataba ilitokana na ile ya India ya mwaka 1872, wala si ya Kiingereza halisi kama wengi tunavyodhani. Chukua mfano huu: upepo umeangusha uzio wako ukiwa safarini, jirani akausimamisha bila kuombwa, nawe uliporudi ukamwahidi pauni 200 kwa wema wake. Kwa kifungu cha 25 cha sheria yetu, ahadi ya kumfidia mtu aliyekwisha kukutendea jambo kwa hiari yake inaweza kutekelezwa. Kwa sheria ya Kiingereza, kilichotendwa kabla ya ahadi hakiwezi kuwa badali, yaani kile kinachotolewa ili kupata ahadi, kwa hiyo hakuna mkataba, na jirani ataambulia asante. Utasoma swali hilo saa nne asubuhi, mkono utakimbilia jibu la Dar es Salaam, na hutahisi kwamba umekosea.

Katika jinai, tulisoma kwamba aliyeua kwa kughadhibishwa ghafla anaweza kushushiwa kosa kutoka mauaji ya kukusudia. Uingereza ilifuta utetezi huo kwa sheria ya mwaka 2009 na kuweka mahali pake utetezi wa kupoteza uwezo wa kujidhibiti, wenye masharti yake, likiwamo la kwamba usaliti wa kimapenzi peke yake hauhesabiwi kuwa kichocheo. Ile kesi ya mume aliyemfumania mkewe, ambayo kila mhadhiri wetu aliipenda, hapa inajibiwa kwa njia nyingine.

Mirathi, kinyume chake, ilinipa alama, pengine kwa sababu inatofautiana na yetu waziwazi kiasi kwamba huwezi kujidanganya. Nitakuonyesha hesabu moja. Mtu amefariki bila wosia, ameacha mke, watoto wawili na mali ya pauni 500,000 mbali na vyombo vyake binafsi. Mke anachukua vyombo hivyo, kisha pauni 322,000 za kwanza, kiwango kilichoanza kutumika Julai 2023, kisha nusu ya kinachobaki. Kinachobaki ni 178,000, nusu yake ni 89,000, kwa hiyo mke anapata 411,000 na kila mtoto 44,500. Mjane wa Kiislamu mwenye watoto, kwa hesabu ya thumni, yaani sehemu moja ya nane, tuliyoisoma nyumbani, angepata 62,500. Tofauti kubwa kama hiyo haikutegi.

Kwa hiyo, kuhusu muda, mimi nilijiandaa miezi minne kwa mara ya kwanza na miezi saba kwa karatasi moja niliyoirudia. Ukifaulu karatasi moja hurudii zote mbili, lakini una nafasi tatu tu ndani ya miaka sita, kwa hiyo usiitumie nafasi ya kwanza kujipima. Nilikuwa nikifanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na nilichogundua ni kwamba kusoma kurasa nyingi baada ya zamu kulikuwa kujidanganya. Nilibadilisha utaratibu: kila siku nilifanya maswali 30 kwa saa, na kwa kila nililokosa niliandika katika daftari mistari miwili, mmoja ukisema sheria ya nyumbani inasemaje na mwingine sheria ya hapa inasemaje. Daftari lile lilifika kurasa 60, na wiki mbili za mwisho sikusoma kitu kingine. Mwanangu aliliita daftari la ugomvi.

Uzingatie pia mwendo. Kila karatasi ina vipindi viwili vya maswali 90, na kila kipindi ni saa mbili na dakika 33, maana yake una dakika moja na sekunde 42 kwa swali. Sisi tulizoea kuandika insha, tukianza na utangulizi na kutaja kesi tano. Hapa hakuna wa kumwonyesha kesi zako. Jizoeze mapema kusoma mstari wa mwisho wa swali kabla ya hadithi yake.

Kuhusu gharama, ada ya SQE1 na SQE2 kwa pamoja inakaribia pauni 5,000, na hupanda kila mwaka, hapo hujalipia kozi. SRA imeweka mifano ya maswali bila malipo. Anza nayo kabla ya kumpa mtu yeyote senti.

Wako katika fani.


Kutoka kwa mwanajumuiya wa Manchester

Wapendwa,

Nimesoma maelezo ya ndugu yetu wa Leicester na ninakubaliana nayo kwa sehemu kubwa, ila naomba kuweka rekebisho moja, kwa kuwa humu tuko Wakenya pia na mtu asije akaogopa mtego usiokuwa wake. Kwetu tarehe ya kupokea sheria ya Kiingereza ni 12 Agosti 1897, lakini katika mikataba tuliacha sheria ya India tangu mwanzo wa mwaka 1961 na tukachukua kanuni za Kiingereza zenyewe. Mkenya atalijibu swali la uzio sawasawa bila daftari. Umiliki huru wa ardhi nao tunao. Mahali tunapoteleza ni mirathi, maana kwetu mjane mwenye watoto huachiwa nyumba aitumie maisha yake yote bila kuwa mwenye nayo, na hilo limetukaa kichwani. Kila mmoja atengeneze orodha ya mitego ya kwao.

Jambo la pili ni kwa wale ambao tayari wameapishwa kuwa mawakili nyumbani. Mimi nilikuwa wakili wa Mahakama Kuu ya Kenya kwa miaka sita, na mtu wa namna hiyo hadaiwi ile miaka miwili ya uzoefu. Anaweza pia kuomba asamehewe SQE2, na SRA hutazama kazi alizozifanya, mtu mmoja mmoja. Nilisamehewe, ila kilichonichelewesha ni kupata barua ya kuthibitisha kwamba jina langu bado limo katika orodha ya mawakili na kwamba sina shauri la nidhamu. Iombe barua hiyo ungali nyumbani, au mtume ndugu anayeweza kukaa kwenye benchi la ofisi husika asubuhi nzima. Barua pepe zangu tatu hazikujibiwa. Shangazi yangu alijibiwa siku ya pili.

Dada wa Reading, kwako ambaye hujaapishwa, ile miaka miwili usiiache hadi baada ya mtihani. Inaweza kukusanywa katika taasisi zisizozidi nne, na kazi ya kujitolea katika kituo cha msaada wa kisheria inahesabiwa, mradi solisita wa Uingereza na Welisi aithibitishe. Siku ya kwanza tu ya kujitolea uliza nani atakayesaini. Namjua mtu aliyejitolea miezi 14 mahali ambapo solisita pekee aliondoka, na mpaka leo anamtafuta.


Kutoka kwa mwanajumuiya wa Reading

Ndugu zangu, nimesoma yote mara mbili na nimeshanunua daftari.

Nina swali moja la mwisho. Pasipoti yangu ina majina matatu, cheti changu cha shahada kina mawili, na kibali changu cha ukaazi kimelibandika jina la babu kana kwamba ndilo la ukoo. Nitumie lipi kujisajili?


Kutoka kwa mwanajumuiya wa Leicester

Tumia majina yote matatu kama yalivyo katika pasipoti, kwa mpangilio ule ule, katika akaunti yako ya SRA na katika kuweka nafasi ya mtihani, kwa sababu mlangoni wanalinganisha kitambulisho na usajili herufi kwa herufi. Tofauti ya cheti ishughulikie kwa hati ya kiapo inayosema kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Mimi niligundua wiki tatu kabla ya mtihani kwamba nilikuwa nimeliacha jina la kati, na marekebisho yalichukua siku tisa ambazo sikusoma chochote. SQE1 hufanyika Januari na Julai. Ukitaka ile ya Julai, fungua akaunti wiki hii, kisha uniandikie pembeni, nami nitakutumia picha za kurasa za ardhi kutoka katika daftari langu.